Soksi ya Kushoto

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne tarehe 25 Februari, mwanamume mwenye kamba ya kupimia alikuwa amesimama nyuma ya jiko la Mwaija, mguu wake mmoja ndani ya tuta la mchicha.

Aliyemwona kwanza ni Ashatu, jirani, aliyekuwa akipita na bakuli la vitumbua.

"We kaka! Huo mchicha haukupandwa ukanyagwe."

"Samahani, mama. Napima tu."

"Unapima nini? Au kuna mtu amekufa sijaambiwa?"

Mwanamume akautoa mguu, akajitambulisha. Jina lake Basil, mpima viwanja, ametumwa na mnunuzi wa Dar es Salaam. Kiwanja kimeshauzwa. Jumamosi gari la kwanza la tofali litashusha mzigo, ukuta uanze. Alisema hayo kwa adabu, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kudhani kwamba anatoa habari mpya.

Ndani, nyuma ya pazia la mlango, Mwaija aliacha kufuma. Ilikuwa siku yake ya hamsini na moja ya eda. Mumewe Abdillah, mlinzi wa ghala, alifariki tarehe 6 Januari, na tangu siku hiyo mkewe hakuwa amevuka mpaka wa kiwanja hicho. Mambo yote ya nje yalimfikia kupitia pazia, kama hili.

"Shoga, ana karatasi," Ashatu akasema. "Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Mimi Hamidu Mohamedi, kaka wa marehemu...' haya, porojo, porojo. Hapa. 'Na mimi Mwaija Ibrahimu, mjane wa marehemu, nimefika mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji cha Mtondooni leo Jumatano tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, na nimeridhia mauzo haya kwa akili timamu.' Halafu kuna dole."

"Dole la nani?"

"Limeandikwa lako."

Mwaija akalitazama dole gumba lake la kulia. Lilikuwa na sugu ndogo pembeni, mahali sindano inapoegemea. Wino halijawahi kuuona, maana alimaliza darasa la saba na jina lake aliliandika kwa kalamu popote alipotakiwa, ikiwemo kwenye hati ya kununulia kiwanja hicho miaka kumi na moja iliyopita, chini ya jina la mumewe. Ndiyo sababu kisingeweza kuuzwa bila yeye.

"Mpima," akaita kutoka ndani. "Hiyo karatasi ni yako au ya mnunuzi?"

"Nakala tu, mama."

"Basi niachie."

* * *

Hamidu alifika alasiri. Aliketi kibarazani, kama inavyompasa shemeji katika nyumba yenye mke wa eda, akakohoa ili ajulikane amefika.

"Shikamoo, shemeji," Mwaija akasema nyuma ya pazia.

"Marahaba. Hali?"

"Alhamdulillahi. Kuna mtu kaja kupima."

"Ndilo lililonileta. Lakini kwanza lipo jambo jingine. Nasikia umelifumua sweta la marehemu."

"Nimelifumua."

"Sweta lile ni mali ya mirathi. Mirathi haijagawanywa. Huwezi kuanza kufumua mali ya marehemu kabla wenyewe hatujakaa."

"Lilikuwa limetoboka viwiko vyote viwili."

"Hata kama. Kitu ni kitu."

Sweta lenyewe lilikuwa la ulinzi, rangi ya bluu ya kiza, la mwaka wa nne. Aliyelitetea alikuwa ameuza, siku sita kabla, robo eka yenye nyumba ya vyumba viwili, kisima na minazi mitatu, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

"Dole lile ni la nani, shemeji?" Mwaija akauliza.

"Lako."

"Siku ya tatu ya msiba ulisema hapo hapo ulipokaa, mbele ya watu, kwamba mke wa eda hatoki. Nikupe karatasi za kiwanja, wewe utanisemea. Nikakupa. Basi nilitokaje kwenda kuweka dole?"

Hamidu akaitazama minazi.

"Hayo ni mambo ya ofisi. Mtu aliye ndani hawezi kujua ofisi inafanyaje kazi."

"Najua kuandika jina langu. Kwa nini nisiandike?"

"Ulikuwa na majonzi. Mkono ulikuwa unatetemeka, kalamu haikushikika. Mwenyekiti mwenyewe atakwambia hivyo hivyo." Akaishusha sauti, ikawa ya huruma. "Mwaija, mimi si mtu mbaya. Kimeuzwa milioni kumi na nane. Wewe una milioni moja na nusu yako, na chumba kwangu Makurunge. Mwanao ameolewa Ubena, ana mji wake. Wewe peke yako na minazi mitatu, ya nini?"

"Nusu ya kiwanja ni jina langu."

"Ndiyo maana tukakutia kwenye karatasi." Akasimama, akakung'uta kanzu. "Maliza eda yako kwa utulivu. Na huo uzi wa sweta uliobaki, usiuguse."

* * *

Kuhusu kutetemeka, Hamidu hakusema uongo mtupu. Wiki ya kwanza baada ya maziko, mikono ya Mwaija ilitetemeka hata chai ikamwagika kwenye sahani kabla ya kufika mdomoni. Wanawake waliomkalia walipeana macho. Ashatu ndiye aliyekwenda kwa fundi baiskeli, akaomba spoku mbili zilizokatika, akazisugua ncha kwenye jiwe na kumletea. "Mikono ikikosa kazi hujitafutia," alisema. "Fuma chochote. Fuma hata upuuzi."

Uzi haukuwapo, na wa dukani ni ghali kwa upuuzi. Mwaija akalitoa sweta la Abdillah sandukuni, akakata mshono wa bega, akavuta. Uzi ulitoka umejikunjakunja. Aliuosha, akaukausha ukiwa umefungiwa jiwe, ukanyooka.

Kofia ya mtoto mchanga haihitaji ufundi. Vitanzi sitini kwenye spoku moja, unafuma kwenda na kurudi hadi mistari arobaini, unapata kipande cha mstatili. Unakikunja katikati, unashona pembeni na juu, unazifunga pembe mbili za juu kwa uzi, zinasimama kama masikio. Mtu anayejua kuhesabu anaweza kuimaliza kati ya alfajiri na adhuhuri. Mwaija alihesabu. Alipokuwa akihesabu hakuwaza, na kufikia siku ya ishirini chai ilikuwa inafika mdomoni.

Wake wa eda hawaendi kuona watoto wa watu, kwa hiyo kofia zilikwenda badala yake. Mtondooni palizaliwa watoto watano katika majuma yale, na wote walipata kofia za bluu za ulinzi. Wa tano alikuwa mjukuu wa Majaliwa, mwenyekiti wa kitongoji. Huyu alifumiwa na soksi pia, kwa sindano nne nyingine alizoletewa na Ashatu, kwa sababu bibi yake alikuja mwenyewe kuomba, na aliomba vizuri.

Bibi huyo, Mwanamvua, mke wa Majaliwa, alikuja kuchukua kofia na soksi siku tatu kabla ya arobaini ya mtoto. Arobaini ilikuwa Jumamosi tarehe 22. Alikuja, kwa maana hiyo, Jumatano tarehe 19, saa tatu na nusu. Soksi ya kushoto ilikuwa haijapita kisigino. Aliketi mkekani akaingoja hadi adhana ya adhuhuri.

Majaliwa na Hamidu walipochagua siku na saa ya kuandika kwenye karatasi, hawakufikiria kwamba kuna mtu aliyehesabu siku za eda, wala kwamba mke wa mwenyekiti huwa mahali fulani asubuhi. Hayo waliyaona mambo ya wanawake.

* * *

Jioni ile ile ya Jumanne Ashatu alipeleka malalamiko ya Mwaija baraza la kata, wakapangiwa Alhamisi. Jumatano asubuhi Mwanamvua alikuja tena. Alivua ndala mlangoni, akaingia, akaketi mkekani bila kuegemea ukuta. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, Bi Mwanamvua. Shikamoo. Mtoto?"

"Marahaba. Mtoto mzima." Akauweka mfuko mkekani, akausogeza kwa vidole viwili. "Mzee amesema nirudishe. Amesikia unataka kwenda baraza la kata. Amesema nyumba yake isikae na kitu cha mwenye kesi."

Mwaija hakuhitaji kuufungua. Sikio moja la kofia lilichungulia juu ya mfuko.

"Zawadi ya mtoto hairudishwi, Bi Mwanamvua."

"Najua hairudishwi."

"Amekwambia karatasi inasema nini?"

"Mimi hanisomei karatasi."

Mwaija akaisoma, polepole, akatia kidole kwenye tarehe na saa. Mwanamvua alisikiliza akitazama spoku zilizochomekwa kwenye donge la uzi.

"Saa nne Jumatano ile," Mwaija akasema, "nani alikuwa amekaa hapo ulipokaa?"

"Mwaija, mimi mke wa mtu. Miaka thelathini na mbili."

"Mimi nilikuwa wa miaka ishirini na tatu."

"Usinifanyie hivyo."

"Sijakufanyia kitu. Nimekuuliza nani alikuwa amekaa hapo."

Mwanamvua akainuka. Goti lilimsumbua, akashika mwimo wa mlango. "Sikuja," akasema, na haikueleweka kama ni jibu au ombi. Akatoka. Mfuko ulibaki mkekani.

Ashatu, aliyekuwa jikoni na amesikia yote, akaingia na ukali wake. "Miaka thelathini na mbili! Hata jela wanatoka. Sasa?"

"Sasa nipigie sheikh."

Sheikh wa msikiti wa jirani alipokea simu kwa sauti ya mtu anayekula. Mwaija akamsalimu, akamwomba ruhusa ya kwenda baraza la kata kesho, kwa haja ya nyumba yake, na kurudi kabla ya jioni.

"Kwa haja, mchana, unatoka," sheikh akasema. "Jistiri, usijipambe, ulale kwako. Hilo halina mgogoro."

"Tangu lini halina mgogoro, sheikh?"

"Tangu zamani. Limo vitabuni."

"Siku ya tatu ya msiba ulikuwa umekaa kibarazani kwangu. Shemeji yangu aliposema sitoki hata kwa karatasi za nyumba yangu, ulikuwa kando yake."

Upande wa pili, kijiko kiliwekwa sahanini.

"Hukuniuliza, mama," sheikh akasema.

* * *

Alhamisi saa nne kasoro, Mwaija alishuka kwenye bajaji mbele ya ofisi ya kata, Ashatu mbele, yeye nyuma, kajifunika hadi mikononi. Wanaume watatu waliokuwa wakisubiri kivulini waliacha kuzungumza. Mmoja alisema, si kwa sauti ya kunong'ona, "Zama hizi hata eda ni mapendeleo ya mtu."

"Na domo pia," Ashatu akamjibu bila kugeuka.

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Mwanamvua, mjukuu begani. Hakuinua uso. Mwaija alipita, akachukulia kwamba amekuja upande wa mumewe.

Aliyeongoza baraza ni Bi Hafidha, mwalimu mstaafu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kando yake wazee wawili wa baraza, na karani mwenye daftari. Hamidu na Majaliwa walikuwa wameshapewa viti. Basil mpima alikuwa amesimama dirishani na kamba yake, kwa kuwa mnunuzi alitaka taarifa siku hiyo hiyo. Mwaija alielekezwa kwenye benchi lisilo na mgongo.

Baraza hilo halina mamlaka ya kufuta mauzo ya ardhi. Lina mamlaka ya kusuluhisha na, likishindwa, kuandika kilichosemwa na kukipeleka baraza la wilaya. Bi Hafidha alilieleza hilo mwanzoni, mara moja, bila kulirudia.

Mwaija akaeleza: tarehe, eda, dole. Maneno yake hayakufika dakika tano.

"Mwenyekiti wa kitongoji?"

Majaliwa alikunja mikono tumboni. "Mama huyu alikuja mwenyewe ofisini kwangu. Alikuwa analia, mkono unatetemeka, kalamu ikamshinda. Nikamwonea huruma, nikampa wino. Leo anasema mke wa eda hatoki." Akawageukia wazee wa baraza. "Sasa mbona ametoka? Leo yuko hapa, na eda haijaisha. Mguu uliomleta leo ndio uliomleta siku ile."

Mmoja wa wazee akacheka, mwingine akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hamidu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Hoja ilikuwa nzuri. Kwa siku hamsini walimwambia kutoka ni aibu. Siku aliyotoka kuwashitaki, kutoka kwake kukawa ushahidi wao.

Mwaija alingoja kicheko kiishe.

"Siku ile saa nne nilikuwa kwangu nafuma soksi," akasema. "Sindano nne. Mkono unaotetemeka haufumi soksi kwa sindano nne."

"Soksi!" Majaliwa akasema. "Tunazungumza ardhi, yeye anazungumza soksi."

"Mimi nazungumza mikono," Bi Hafidha akasema. "Endelea, mama. Nani alikuona?"

"Aliyekuwapo anajijua."

"Baraza haliandiki 'anajijua'. Linaandika majina."

Mwaija akautoa mfuko mkobani, akauweka mezani. "Mke wa mwenyekiti."

"Mke wangu Jumatano ile alikuwa kitandani, ana homa," Majaliwa akajibu upesi. "Liandikwe hivyo."

"Andika," Bi Hafidha akamwambia karani. "Homa. Kitandani." Akasubiri kalamu isimame. "Si yule pale nje, mwenye mtoto?"

Ashatu, aliyekuwa karibu na mlango, ndiye aliyeufungua.

Mwanamvua aliingia na mtoto amelala begani bila kofia. Aliulizwa alikuwa wapi Jumatano tarehe 19, asubuhi. Hakumtazama mumewe. Hakumtazama Mwaija pia. Alitazama mfuko.

"Soksi ya kushoto haikuwa imeisha," akasema. "Nikangoja."

"Ukangoja wapi?"

"Kwake. Mkekani. Akanipa zile spoku nishike, akanifundisha. Nikafuma kamba ya kofia, ya kufungia kidevuni. Vitanzi vinne tu, na bado niliharibu. Adhana ya adhuhuri ilitukuta sote wawili pale pale."

"Alitoka wakati wowote?"

"Hakutoka hata kwenda kisimani. Maji nilichota mimi."

"Na homa?"

"Homa nilikuwa nayo Jumatatu."

Bi Hafidha akaitoa kofia mfukoni, akaivuta kamba kati ya vidole. Mstari wa tatu uliachia kitanzi, wa nne na wa tano ilikazwa hadi kamba ikapinda. Sehemu iliyobaki ya kofia ilikuwa sawasawa kama iliyopimwa kwa rula. Akamsogezea mzee aliyecheka. Mzee akaishika, akaiweka chini, hakucheka.

"Mwanamvua," Majaliwa akasema. "Tutazungumza nyumbani."

"Tutazungumza." Akanyoosha mkono mezani, akaichukua kofia, akamvisha mtoto, akaifunga ile kamba mbovu kidevuni. Akachukua soksi zote mbili. "Na hii ni zawadi ya mtoto. Naondoka nayo."

Hamidu alianza kusema kuhusu sweta, kwamba hata huo uzi ulikuwa mali ya mirathi, na jambo hilo nalo liandikwe. Bi Hafidha akamwambia karani aliandike, neno kwa neno, pamoja na saa.

Dirishani, Basil alikuwa anaizungusha kamba yake mkononi. "Mimi sipimi palipo na kesi," akasema. "Nitamwambia mnunuzi. Jumamosi gari lisije." Akaaga, akatoka.

Usuluhishi ukaandikwa kuwa umeshindikana. Shauri litapelekwa wilayani pamoja na maelezo ya mashahidi, na nakala ya hati ya mauzo ikabanwa juu yake. Karani alimaliza kuandika maelezo ya Mwaija, kurasa mbili, akaligeuza daftari kuelekea benchi. Kisha, kwa mazoea, bila kumtazama, akafungua kikopo cha wino na kukisogeza mbele yake.

Mwaija akakifunga kifuniko, akakirudisha upande wa karani. Akaomba kalamu. Saa sita na dakika kumi aliandika jina lake lote, Mwaija Ibrahimu, na chini yake tarehe.